Msipime maji tu, pimeni na samaki

Agosti 2023 Japani ilipoanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima kilichoharibika, na sisi Bagamoyo tulipata meseji zetu: msile samaki wa bahari, wana mionzi. Sokoni pale ufukweni watu waliendelea kununua changu na kolekole kama kawaida, na mimi naona walifanya la maana. Kwa habari ya mionzi, samaki wa kuangaliwa kwanza ni wa maji baridi: perege na kambale wa mito na mabwawa.

Kisa ni chumvi. Samaki wa bahari amezungukwa nayo, kazi yake ni kuitoa mwilini. Wa mtoni maji yake hayana madini ya kutosha, kwa hiyo potasiamu kidogo anayoipata anaing'ang'ania. Sasa sesiamu-137, inayotoka kinu cha nyuklia kikilipuka, inafanana mno na potasiamu. Mwili unaipokea na kuiweka kwenye nyama. Strontiamu-90, nayo ya kinu hicho hicho, hufuata njia ya kalisiamu na kukaa kwenye mifupa. Baada ya kinu cha Chernobyl, Ukraine, kulipuka Aprili 1986, Uswidi, ng'ambo kabisa ya Bahari ya Baltiki, ilibidi mwaka uliofuata iwawekee samaki wa maziwani kiwango chao cha juu cha sesiamu: bekereli (kipimo cha mionzi) 1,500 kwa kilo, huku vyakula vya kawaida vikibaki kwenye 300. Walioongoza kwa sesiamu walikuwa wale wanaokula wenzao.

Na samaki mwenyewe anaumwa? Akishakuwa mkubwa ni mgumu, anahimili mionzi ambayo binadamu angekufa nayo. Udhaifu uko kwenye mayai na vifaranga. Kwenye maziwa ya jirani na Chernobyl, miaka zaidi ya 25 baadaye, watafiti walikuta majike ya aina moja mayai yao yamechelewa kukomaa. Aina nyingine, maji yale yale, haikuwa na tatizo hilo. Samaki wenyewe wamejaa tele. Mvuvi yeyote wa Ruvu atakwambia kwa nini: maji ambayo hayatupwi nyavu miaka yote hiyo yatakosaje kujaa? Kwa hiyo anayesema "mbona samaki wapo wengi" hajajibu swali la afya yao.

Haya yanatuhusu kwa sababu ya urani, madini ya kuendeshea vinu vya nyuklia, iliyoko Namtumbo. Najua, mgodi si kinu, na hatutegemei sesiamu kutoka huko. Urani yenyewe humdhuru samaki zaidi kwa sumu yake ya kikemia kuliko kwa mionzi. Lakini mabaki ya kusaga mwamba wake hubaki na radiamu-226, nayo ya mionzi, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, na nayo hukimbilia mifupani. Mto Mkuju unaelekea Luwegu, Luwegu inaingia Rufiji. Kule watu wanavua na wanakula.

Mama akinunua perege hufunua shavu aone wekundu, humbonyeza, humtazama jicho. Anajua kazi yake, ila kwa mionzi ujuzi huo wote haumsaidii kitu, hata pua haisaidii. Anategemea mtu mwenye kifaa. Ndiyo maana siridhiki nikisikia "maji yamepimwa, yako salama." Maji ya mto yanapita, ya leo si ya jana. Samaki amekaa humo miezi, ameshakusanya mwilini yaliyokuwamo.

Tume ya Nguvu za Atomiki ndiyo yenye dhamana. Naitaka ipime samaki wa Mkuju na Rufiji sasa, kabla uchimbaji haujapamba moto, kisha irudie kila msimu, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye mialo wanakoshushia samaki. Wasichukue mnofu mtupu. Perege wadogo tunawakaanga wakauke, tunawatafuna na kichwa na miiba. Wapimwe hivyo hivyo wazima.