Mshike mpaka atue

Huu mwaka wa tisa niko Hamburg, Ujerumani, na watu wa nyumbani wakinipigia simu bado huniuliza baridi. Baridi inazoeleka, unavaa. Kilichonitesa miaka ya mwanzo ni kutoguswa. Kwetu Unguja mtu akikupa mkono hauachii mpaka akuulize habari za nyumbani, za wazee, za kazi, na akimaliza anaanza upya. Huku wiki inaweza kukatika hujaguswa na mtu isipokuwa kinyozi.

Ndiyo maana nikarudi kwenye judo, ule mchezo wa Kijapani wa kushikana na kurushana, ingawa kwenye fomu niliandika "afya". Naam, fomu! Kuna mkataba, kuna bima, na ada inakatwa yenyewe benki kila mwezi. Kwetu ada ukipata unaleta, usipopata unashika ufagio ukumbi ufagiliwe kabla ya mazoezi. Tusiokuwa nacho tulijuana kwa ufagio.

Ukutani picha ni ile ile ya Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882. Mengine mbalimbali. Mwalimu wa huku, mzee wa miaka sitini na ushei, anataka aitwe jina lake hivi hivi, kavu. Mdomo wangu uligoma. Nikawa namwita kwa kukohoa, mpaka siku nikamwita sensei, yaani mwalimu kwa Kijapani, akacheka, yakaisha. Naye hueleza kila kitu: mguu uende wapi na kwa nini, nyonga ishuke kiasi gani. Mwalimu wangu wa Unguja alikuwa anakutazama tu. Akitikisa kichwa ujue umekosea. Umekosea wapi, utatafuta mwenyewe.

Sisemi kwetu kulikuwa bora. Wakubwa walitubwaga kwa nguvu eti wanatukomaza, na mwenzetu mmoja alivunjika mtulinga, sisi tukaambiwa tuendelee. Huku hilo lingeandikiwa ripoti. Mimi ripoti nazipenda.

Ila kuna jambo ambalo hakuna kati ya walimu hao wawili aliyewahi kunitamkia. Unapomrusha mwenzako, ile shiko yako kwenye mkono wa koti lake huiachii. Anapokaribia kutua unamvuta juu kidogo, atue kwa ubavu, mkono wake wa pili uipige tatami, lile godoro la mazoezi, kichwa kisalimike. Nililijua kwa kurushwa. Kuna aliyeniachia, nikaona nyota. Na kuna waliobaki wamenishika. Unaujua mwili wa mtu anayekuonea huruma hata kama sura yake imenuna.

Jumanne iliyopita nilipangwa na jamaa mmoja ambaye tunapanda basi moja. Kwenye basi hana salamu, hukaa mbali akainamia simu, na mimi nilishaamua zamani kwamba ana roho mbaya. Akanikamata ukosi, akaingiza nyonga, nikaenda hewani. Kilo zangu tisini na mbili zote. Na kule juu nikasikia mkono wangu unavutwa, taratibu, mpaka nikatua kama gunia linaloshushwa na mpagazi mzoefu. Akaninyanyua, tukainamiana, tukaendelea.

Usiku tukakutana kituoni. Akapanda, akakaa viti vitatu mbele yangu, akatoa simu. Kimya. Nami nikanyamaza, wala sikukasirika kama siku zote. Nilipopita karibu yake kushuka, hakuinua uso, ila kidole kimoja kilinyanyuka juu ya kioo cha simu, kikarudi.