Wanaopigiwa Simu na Wanaopanga Foleni

Mwanzoni mwa Agosti 2022, siku chache kabla ya Wakenya kumchagua rais, gazeti lilikuwa likipita mkono kwa mkono pale Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu. Utafiti wa maoni wa kampuni ya Ipsos ulikuwa umempa Raila Odinga asilimia 47 dhidi ya 41 za William Ruto. Mzee mmoja aliyejiandikisha kupiga kura Faza, kisiwani Pate, akalikunja gazeti na kusema kwamba mtu wake keshashinda, ya nini basi kuvuka bahari iliyochafuka kwa upepo wa kusi?

Ruto alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, pengo la kura kama 233,000. Tangu hapo watafiti wanalaumiwa kwamba walipotosha umma, lawama ambayo naiona kuwa na nusu ya ukweli. Kampuni ya TIFA ilimweka Raila mbele kwa chini ya asilimia 3, na bado walikuwepo ambao hawajaamua au waliokataa kusema. Hayo yalikuwa makadirio. Sisi barazani ndio tuliyafanya matokeo.

Kasoro kubwa iko kwenye swali lenyewe. Kumtaja mgombea kwenye simu hakumgharimu mtu chochote, ilhali kura ina nauli, foleni na jua. Kati ya wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, takribani asilimia 65 ndio waliojitokeza, na zaidi ya milioni 7 hawakufika vituoni, idadi inayolizidi pengo la wagombea wale wawili mara 30 hivi. Mombasa, ngome ya Raila, haikufikisha hata nusu. Si haki kuubebesha utafiti mzigo wote huo, kwa kuwa huko uchaguzi wa gavana uliahirishwa, na watu wamechoshwa na ahadi. Lakini anayeambiwa kila wiki kwamba upande wake unaongoza hupata kisingizio cha kulala.

Sheria ya mwaka 2012 inakataza kuchapisha utafiti wa aina hii katika siku 5 za mwisho, ili mpiga kura atulie. Nia ni njema. Kinachotokea ni kwamba takwimu zenye mwenyewe hunyamaza, na zisizo na mwenyewe zikaendelea kuzunguka WhatsApp.

Kwa Lamu, yenye wapiga kura wasiofika 100,000, sampuli ya watu 2,000 iliyogawanywa kwa uwiano nchi nzima haitupi hata watu 10. Katiba inatuthamini zaidi: mshindi lazima apate asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24, na hapo Lamu ni kaunti moja sawasawa na Nairobi, ingawa mwaka 2022 wagombea wote wawili walikivuka kiwango hicho bila taabu.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027, na kusi itakuwa bado inavuma. Mtafiti atakayempigia simu mtu wa Kizingitini au Kiunga, huku kwetu Lamu, akishauliza jina la mgombea, aulize pia kituo kiko wapi na mashua ni ya nani.