Uwele wenye protini asilimia 112

Kwanza, yule rafiki yangu anayewatangazia kwamba nimegundua "uwele wa nyama" aache uzushi. Sikugundua kitu. Nilipoteza nukta moja tu. Acha niwape mwenyewe kabla haijafika kwa mama mkwe.

Juzi maabara yetu hapa Dodoma tulipata wageni, wakulima wa Chamwino, wamekuja kuona uwele wao unavyopimwa. Mimi nikapewa protini. Koti nimelipiga pasi, na salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi", nimeifanyia mazoezi bafuni. (Msicheke bado.)

Njia ni ile ya Kjeldahl, ya tangu 1883: nitrojeni ya protini inageuzwa amonia, kisha unaipima amonia hiyo. Unga ulishachemka kwenye asidi ya salfa hadi weusi ukaisha, amonia imekwisha kunaswa, limebaki kudondosha asidi toka kwenye byureti, ule mrija wenye alama za vipimo, hadi rangi igeuke. Kijani... kijani... tone moja, waridi! Wakapiga makofi. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Hesabu nikaipiga ubaoni, mbele yao. Unga gramu 1, asidi mililita 12.8, zidisha kwa 6.25 ili nitrojeni iwe protini, mbwembwe kibao. Nikageuka: "Wazee wangu, uwele wenu una protini asilimia mia moja na kumi na mbili!"

Makofi tena. Nikainama kidogo kama msanii. Jamani, niliinama.

Mzee mmoja hakupiga. Alivua kofia, akaiweka gotini. Akautazama ubao. Akakitazama kikopo cha unga. Akanitazama mimi. Feni inalia kree, kree.

"Mwanangu," akasema, taratibu kabisa, "kama katika mia, protini peke yake ni mia na kumi na mbili, wanga umekaa wapi?"

Nami, mtu mwenye shahada, nikachungulia ndani ya kikopo.

Bosi mlangoni: "Na unyevu hujapima bado. Nao utauweka wapi?"

Nguvu ya asidi ilikuwa 0.1 (moli kwa lita). Mimi niliandika 1. Jibu ni 11.2, uwele wa kawaida kabisa. Nikafuta, nikaomba radhi, wakanywa soda, wakaondoka.

Leo mchana kantini, mama ntilie ananipakulia ugali wa uwele, mwiko umesimama hewani: "Nikuwekee na maharage, au protini inatosha?"