Muko Wangu na Ndege Wake wa Mvua

Mvua ya Entebbe haina adabu. Haiji mchana watu wakiwa kazini. Inajikusanya ziwani usiku kucha, kisha alfajiri inakuja kummwagikia mtu aliyesimama ufukweni na mwavuli uliovunjika mbavu. Mtu huyo ni mimi. Na sikwenda mwaloni kununua mputa, yule samaki sangara, la. Nimekwenda kutazama ndege! Mtu mzima, nina mke na watoto wa kulipiwa karo, nimechuchumaa kwenye matope nikichungulia makalio ya ndege.

Aliyenitia humo ni muko, kaka yake mke wangu. Amesomea kuongoza watalii, sasa kila Jumamosi ati anafanya mazoezi, na mtalii wa mazoezi ni mimi. Angekuwa rafiki ningemwambia akafanye mazoezi na kivuli chake. Lakini muko hakataliwi. Siku ya kwanjula, nilipotambulishwa ukweni, nilimkabidhi jogoo, kama desturi ya Baganda inavyotaka, jogoo mwenye afya kuliko mimi, nikadhani mambo ya ndege baina yetu yamekwisha. Kumbe nilikuwa nimelipa kianzio.

"Shemeji, tafadhali, usipige kelele."

Sijasema neno! Ni meno yanagongana.

Haya, hao ndege wenyewe. Pale Lutembe, kando ya barabara ya Entebbe, kuanzia Septemba wanashuka buabua makundi kwa makundi, wamekimbia baridi ya Ulaya mashariki na Asia. Muko anasema kwao wakati wa kuzaliana huwa weusi mwili mzima, mabawa ndiyo meupe. Wakifika kwetu wameshavua ile suti, wamebaki weupe wenye kijivukijivu kama shati lililofuliwa pamoja na soksi. Hawana viza, hawana cheti cha homa ya manjano, na hakuna anayewauliza watarudi lini. Mimi nikienda Busia kumwona mama naonyesha kitambulisho mpaka picha inafutika.

Nchi hii yetu, Uganda, ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Tunaye korongo taji, amepanda hadi kwenye bendera. Juu ya mti nyuma yetu furukombe alikuwa akilia mpaka ziwa zima linaitika. Muko hakugeuza hata shingo. Yeye anataka chamchanga, kidege cha kahawia kilichotoka huko huko Ulaya, kinachotembea ukingoni kikitikisa mkia.

"Umeona anavyotikisa, shemeji?"

Nimeona. Yuko mwenzake kwenye mtaro nyuma ya nyumba yangu, anatikisa vile vile, na pale kuna chai.

Nikatoa rolex yangu (si saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai), maana njaa haina mazoezi. Karibu yetu alisimama kaloli, yule korongo mwenye upara, kimo cha mtoto wa shule, anayejinyea miguuni ili apoe. (Nanyi mnaolalamikia majirani!) Nikamwonyesha muko: ndege si huyu hapa, mkubwa, haogopi, hahitaji darubini? Akasema huyo ni wa kawaida, haandikwi. Niligeuka kumjibu kwa heshima zote. Kurudisha macho, rolex haipo, na huyo wa kawaida anameza.

Muko aliandika kitu kwenye daftari. Sikuuliza.

Sasa Jumamosi ijayo ni kinamasi cha Mabamba, kumtafuta korongo-nyangumi, ambaye Baganda humwita bulwe. Wavuvi wa zamani walimchukia: ukimwona, siku hiyo samaki hupati. Siku hizi wavuvi hao hao wanapeleka wageni kwa mitumbwi wakamwone, na wanalipwa. Muko anasema bulwe anaweza kusimama muda mrefu hajatikisika, anamvizia kamongo.

"Kama hatikisiki," nikamwambia, "picha si inatosha?"

Akacheka, akanipigapiga begani.

"Saa kumi na moja alfajiri, shemeji. Halafu kuhusu mafuta ya pikipiki..."

Akanyamaza kwa adabu, akingoja mimi nimalizie sentensi.