Mtoto Asiyelia

Tukisikia mtoto ametendewa ukatili, tunachotafuta kwanza ni alama mwilini: kovu, mkono uliovunjika, jicho lililovimba. Alama zisipoonekana tunashusha pumzi na kusema afadhali, hakuguswa. Mimi naona hapo ndipo tunapokosea zaidi, kwa kuwa kuna mtoto anayeumia kwa kule kutoguswa kwenyewe. Habebwi, hasemeshwi, na akilia haitikiwi.

Mtoto huzaliwa ubongo wake bado haujaisha kujengwa. Uzito wake ni takriban robo tu ya ubongo wa mtu mzima, na akitimiza miaka mitano umeshafikia kama asilimia 90 ya ukubwa wake. Chakula peke yake hakitoshi kuujenga. Mtoto anatoa visauti, mama anamjibu, anacheka, anachekewa, analia, anabebwa. Kila mara njia fulani kati ya chembe za neva inapitwa na kuimarika, kama ujia wa miguu porini. Zisizopitwa hupogolewa. Kila ubongo hupogoa, hilo ni la kawaida. Balaa ni pale zinapodhoofika njia za lugha, za kumwamini mtu, za kutulizwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuzipita pamoja na mtoto.

Utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iligundua vituo vya kulelea watoto vilivyokuwa na watoto zaidi ya 100,000. Jambo ambalo wageni wengi walilisimulia, na ambalo mimi siwezi kulisahau, ni ukimya wa vyumba vya watoto wachanga. Walikuwa wameacha kulia. Mtoto aliyelia siku nyingi bila kuitikiwa hujifunza kwamba kilio hakileti mtu.

Kuanzia mwaka 2000, watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya Bucharest, mji mkuu wa Romania. Nusu yao, kwa kura, walipelekwa kwa familia za malezi. Umeme wa ubongo wa watoto wa vituoni ulikuwa hafifu, na ubongo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko wa wenzao waliolelewa nyumbani. Waliopata familia walipata nafuu, na kwa mambo kadhaa nafuu kubwa iliwaendea waliotolewa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Kwa hiyo ninaposikia watu wazima wakisema mtoto mchanga hajui kitu, atasahau, moyo unaniuma.

Kipigo na matusi huacha alama ya namna nyingine. Mtoto anayeishi kwa hofu mwili wake humwaga kotisoli, homoni ya msongo, mara kwa mara. Amigdala, sehemu ya ubongo inayonusa hatari, huwa macho muda wote. Watafiti wamewaonyesha picha za nyuso watoto waliozoea kipigo nyumbani, nao wakaitambua hasira kwa dalili ndogo ambazo wenzao hawakuziona. Nyumbani, ujuzi huo uliwalinda. Darasani unageuka kosa: mtoto anashtuka mlango ukibamizwa, anarusha ngumi kabla hajaguswa, somo halimwingii, naye anaitwa mtukutu.

Tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na wengi wetu tunaisema fimbo ikiwa mkononi. Sikubaliani na matumizi hayo. Ubichi huo ndio unaofanya kila pigo lizame ndani zaidi, na ndio huohuo unaofanya kubembelezwa kuzame pia. Hata aliyechelewa hajafungiwa mlango, kwani ubongo huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na mtu mzima mmoja tu wa kuaminika humpa mtoto mahali pa kujishikiza. Basi yule anayeshtuka mlango ukibamizwa, kabla ya adhabu, mtu na achuchumae mbele yake, amuulize kwa sauti ya chini jana usiku nyumbani kulikuwa na nani.