Muuza njugu ametupita tena

Leo nimetoka Mlolongo kwenda kazini Nairobi saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, nikijiambia jam itaamka inikute ofisini nakunywa chai, kumbe jam yenyewe haikulala. Pale Cabanas nikanunua njugu za ishirini kwa kijana mmoja anayetembea katikati ya magari. Imara Daima akatupita na miguu. General Motors tukamkuta ametangulia, dere akampigia honi ampishe, yaani matatu nzima inaomba njia kwa ndoo ya njugu.

Na juu ya kichwa changu ndio hiyo barabara ya kulipia, kilomita 27 mpaka Westlands, tangu 2022. Hata mimi naitumia sana, mvua ikinyesha najikinga nayo.

Thika Road si ndio ilikuwa hivi hivi? 2012 wakafungua leni nane, sote makofi, jirani yangu akakimbia sako kuchukua mkopo wa Probox maana barabara sasa ni wazi, shida ni kwamba kila mtu alikuwa na jirani kama wangu. Leni mpya ni kama sukari imemwagika mezani, halafu unauliza sisimizi wametoka wapi. Huko Houston, Marekani, wamepanua barabara moja mpaka leni 26 ukihesabu na zile za kando na bado wanakaa kwa jam, ila wao wana AC.

Wamoroko nao tangu 2018 wana treni ya kilomita 320 kwa saa, Tangier mpaka Casablanca masaa mawili na dakika kidogo hivi. Masaa mawili mimi ni Mlolongo mpaka Bellevue, na hapo nimebahatika! Msiniambie tuko na SGR, treni yetu ya Nairobi mpaka Mombasa, naipenda, lakini ile ni 120, dere wa Machakos akiwa na hasira anaifikia. Wajapani walianza na 210 mwaka wa 1964, sisi hatujamaliza hata mwaka na uhuru wetu.

Najua mtasema deni la reli bado linatukaba. Sawa, na hizi barabara zinajengwa na nini, mchango wa harusi?

Bosi akapiga, uko wapi? Nikasema nimekaribia. Kugeuka dirishani namwona kijana wa njugu upande ule mwingine, ndoo tupu, anarudi Mlolongo, akaniuliza kama kuna kitu nataka ampelekee mama watoto.