Saa Moja Iliyopotelea Tunduma

Kwa kuwa swahiba wangu, ambaye jina lake nalihifadhi ingawa yeye hakulihifadhi langu, amekwisha kuisambaza ile video yangu ya asubuhi kwenye foleni ya malori mpakani katika makundi yote ya madereva wa njia ya Tunduma, na kwa kuwa jana shemeji yangu aliyeko Sumbawanga amenipigia simu kuniuliza kama ninaumwa, nimeona ni heri nieleze mwenyewe. Kwanza nasahihisha jambo moja: sikuwa uchi. Nilikuwa nimevaa kikoi. Kilikuwa kimelowa na hakikuwa kirefu, lakini kilikuwepo, na yeyote anayeitazama video hiyo kwa haki atakiona.

Ili mwelewe kwa nini watu walicheka kupita kiasi, ni lazima mjue kwamba jioni iliyotangulia nilikuwa nimetoa mhadhara. Tulikuwa kwa mama ntilie, kando ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, tunakula wali na maharage, na vijana wawili walioanza kazi juzijuzi walikuwa wakilalamika kwamba tajiri wao hawapi nafasi ya kupumua, kila mara anapiga simu kuuliza wamefika wapi. Nikatoa daftari langu. Mnaonifuata hapa mnalifahamu daftari hilo, maana nimelipiga picha mara nyingi kuliko nilivyowapiga wanangu.

Nikawasimulia jinsi nilivyoanza kuendesha semi nikiwa napanga safari kwa hesabu ya darasa la nne: Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, ukitembea kilomita 60 kwa saa, basi kesho alasiri umefika. Mzee aliyenifundisha kazi alinisikia siku moja nikimwahidi wakala hivyo kwa simu, akacheka mpaka akakohoa. Akaniambia kwamba barabara hii haihesabiwi kwa kilomita, bali kwa vituo. Kuna mizani ya Vigwaza, kuna ya Mikese, kuna ya Makambako, kuna ya Mpemba unapokaribia kabisa mpakani, na katika kila moja utajipanga nyuma ya wenzako wenye tani zao 56, na ekseli moja ikizidi uzito utashinda hapo ukibembeleza. Kuna Mikumi, ambako barabara inapita katikati ya hifadhi kwa kilomita 50 na mwendo umewekewa kikomo, kwa hiyo aliyechelewa Morogoro asitarajie kufidia muda mle, labda kama anataka kumgonga swala na kumlipia. Kuna mlima Kitonga, ambako lori moja likizimika konani, asubuhi ya kila mtu aliye nyuma yake imekwisha. Mzee yule alinifundisha kuandika saa ya kufika na saa ya kuondoka kila kituo, kupanda Kitonga mapema, na kuuhesabu usingizi kuwa deni linalolipwa kabla ya madeni mengine yote. Nilijifunza polepole na kwa uchungu, lakini nilijifunza, mpaka nikawa mtu anayeweza kukuambia akiwa Chalinze ni saa ngapi atakunywa chai Makambako, na chai ikanywewa saa hiyohiyo.

Huo ndio utaalamu niliokuwa nikiwamwagia vijana wale. "Muda haupotei," nikawaambia, huku nikiligonga daftari kwa kijiko. "Anayepotea ni mtu." Mama ntilie aliguna. Lile guno nilipaswa kulitafakari.

Kijana anayepanga foleni akaja kututangazia kwamba kundi letu litasogea saa kumi na mbili kamili asubuhi. Mbele ya mashahidi wote nikaitega kengele ya simu iamshe saa kumi na moja, kisha nikawaeleza matumizi ya kila robo ya saa itakayofuata: robo ya kwanza kuoga, ya pili kukagua matairi na upepo wa breki, ya tatu chai na nyaraka, na ya nne kutafakari. Nasikitika kusema kwamba neno "kutafakari" nililitamka hivyohivyo, na swahiba wangu analo katika rekodi.

Sasa, kwa wasioijua Tunduma, huo na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka, na mawimbi ya simu hayana habari na forodha. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, sawa na Lubumbashi, na simu iliyoachwa ijirekebishie saa yenyewe hufuata mnara ulioinasa. Msiniambie kwamba hili linajulikana. Najua linajulikana. Limo katika daftari, ukurasa wa Tunduma, na limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Usiku ule, nilipokuwa nimejifunika blanketi mbili kwa ile baridi yao, simu yangu ilivuka mpaka bila pasi wala kibali na kuniacha Tanzania peke yangu.

Kengele ilipolia, simu iliandika 5:00. Nje kulikuwa na giza na ukungu, jambo ambalo halikunishangaza, kwa maana kule magharibi jua huchelewa karibu nusu saa kuliko Dar es Salaam. Nikasikia injini zikinguruma mbele yangu na nyuma yangu. Nikatabasamu. Nikasema moyoni kwamba hawa ndio watu wasiojua kupanga muda, saa nzima kabla ya kusogea wanaunguza mafuta ya tajiri bure. Nikachukua kikoi, sabuni na simu, nikashuka. Nilipopita mbele ya kichwa cha gari langu niliona kwamba lori lililokuwa limenitangulia halipo tena, nami nikamhurumia dereva wake. Nilidhani limeharibika usiku likavutwa pembeni. Nikavuka mtaro, nikamlipa mwenye bafu, nikapewa ndoo ya maji ya moto.

Honi ya kwanza ilinikuta nimejipaka sabuni kichwani. Sikuijali. Ya pili ilikuwa ndefu, kisha zikaja nyingi kwa pamoja, zile honi za upepo zinazotikisa mabati, nami ndani ya bafu nikawa nakasirika kwa niaba ya wakazi waliolala. Nikajimwagia kata moja tu, nikafunga kikoi, nikabeba ndoo mkononi na simu mkono wa pili, nikatoka kwenda kuwaelimisha.

Naomba hapa twende taratibu, kwa sababu swahiba wangu ameikata video sehemu hii. Barabarani, mbele ya lori langu, kulikuwa na nafasi tupu ambayo mwisho wake ulimezwa na ukungu. Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa imewasha taa, haiwezi kunipita kwa kuwa upande wa pili ulikuwa wa malori yanayotoka Zambia. Madereva wapatao kumi walikuwa wameuzunguka mlango wangu wakiugonga kwa ngumi, na kijana wa foleni alikuwa amepanda ngazi akichungulia dirishani, kwa mashaka ya mtu anayeogopa kukuta maiti. Mmoja aliponiona akasema, "Huyu hapa, anaoga!" Wote wakageuka. Povu lilikuwa likinishuka usoni. Nikaweka ndoo chini, nikainua simu juu, nikapaza sauti ile niliyoitumia jioni kwa vijana.

"Ndugu zangu, tuheshimu muda! Tumeambiwa saa kumi na mbili. Hii ni saa kumi na moja na dakika ishirini na mbili!"

Kukawa kimya. Kijana wa foleni akashuka, akaja, akaitazama simu, akasoma kwa sauti: "Kweli imeandika tano na ishirini na mbili." Dereva mmoja akatazama saa yake ya mkononi, akaitikisa, akaisogeza sikioni. Ndugu zangu, kwa muda mfupi sana nilishinda. Kundi zima la wanaume wenye leseni lilianza kujitilia shaka kwa sababu yangu, na mimi nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuongeza sentensi moja kuhusu nidhamu. Nikaiongeza. Nilipokuwa katikati yake, nimeinua simu kwenye mwanga wa taa za malori ili hata wa nyuma waione, mtandao wa Nakonde ukaniachia na mtandao wa nyumbani ukanipokea, na 5:22 ikawa 6:22 mbele ya macho yao.

Mimi sikuiona, kwa kuwa kioo kilikuwa kimewaelekea wao. Nilichokiona ni nyuso. Kijana akasema kwa adabu kubwa, "Mzee, sasa inasema kumi na mbili na ishirini na mbili." Nikamjibu kwamba haiwezekani. Nikaigeuza simu nitazame, na papo hapo sabuni ikaniingia macho yote mawili, hata nikawa mtu aliyesimama katikati ya barabara kuu, kwenye baridi, akikishika kikoi kwa mkono mmoja na kuomba kwa sauti ya chini asomewe saa. Ndipo mama ntilie akaita kutoka kibandani kwake: "Mhadhiri! Chai yako ya robo ya tatu imeshapoa!"

Kicheko kile sina haja ya kukieleza, kimo katika video na kinasikika vizuri kuliko maneno yangu.

Mengine yalikwenda haraka. Niliamriwa kusogea pembeni, foleni nzima ikanipita huku kila dereva akipiga honi na kuninyoshea mkono wa saa, nafasi ya kundi letu ikaisha, nikavuka jioni, wakala wangu upande wa pili akanisema kwa Kibemba na kwa Kiingereza ili nielewe angalau kimoja, na nikafika Ndola ghala likiwa limekwisha kufungwa kwa ajili ya mwisho wa juma. Tajiri aliniuliza sababu. Nilimwambia ni mtandao. Baadaye akatumiwa video.

Vijana wale wawili ndio walionisikitisha zaidi, maana walivuka kwa wakati, na mmoja wao alinipigia kutoka Nakonde kuniuliza, bila kejeli yoyote niliyoweza kuithibitisha, kama katika ile robo ya nne nilipata kutafakari.

Na wewe dada mwenye bafu uliyeniandikia: ni kweli, ndoo yako ninayo. Niliikuta ndani ya gari nilipokuwa naikagua Ndola, na sijui niliipandishaje. Nitairudisha safari hii nikiwa narejea. Siku nitakwambia kwa simu. Saa sitaitaja.